Bagster Wilson: Daktari aliyeipima malaria ya Upare

JINA la Dk. Donald Bagster Wilson halisikiki sana mitaani Same, lakini katika historia ya utafiti wa malaria Afrika Mashariki ni miongoni mwa majina makubwa.

Daktari huyo Mwingereza alifanya utafiti Tanga katika miaka ya 1930, akisaidiana na mkewe, Mary. Waliona kuwa malaria iliwaua watoto wadogo, ilhali watu wazima walioumwa na mbu tangu utotoni walikuwa na kinga.

Hapo ndipo hofu yake ilipoanzia. Aliamini kuwa kuidhibiti malaria nusunusu kungewapokonya watu kinga hiyo, kisha ugonjwa urudi na kuwakuta hawana ngao. Katika mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950 alikuwa upande wa waliotaka tahadhari, lakini mkutano ukaamua udhibiti uanze.

Hata hivyo, ni Wilson huyohuyo, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya malaria ya Amani, aliyeongoza mpango wa Pare-Taveta. Mwaka 1954 hali ya wakazi wa tambarare zilizo chini ya milima ya Upare, hadi Taveta nchini Kenya, ilipimwa kwanza. Kuanzia 1955 hadi 1959 nyumba zao zilipuliziwa dieldrin.

Vijiji vilevile vilirudiwa mara kwa mara. Watoto walipimwa damu na bandama, na vizazi na vifo viliandikwa.

Malaria ilipungua sana, vifo vya watoto wachanga vikashuka, na mbu aina ya Anopheles funestus akatoweka majumbani. Lakini maambukizi hayakukatika kabisa. Mwaka 1959 upuliziaji ulisimamishwa, na mwaka uliofuata Wilson akatoa ripoti yake.

Kazi haikuishia hapo. Dk. G. Pringle na wenzake wa Amani waliendelea kuwafuatilia wananchi hao katika miaka ya 1960. Malaria ilirejea, lakini vifo havikurudi katika kiwango cha awali. Dawa za malaria, ambazo wananchi walikuwa wakizitumia zaidi, zilitajwa kuwa sababu mojawapo.

Maafa aliyoyahofia Wilson hayakutokea, ingawa wakazi wa Upare na Taveta ndio waliobeba hatari hiyo. Kama hesabu ingefungwa siku mabomba yalipowekwa chini, hakuna ambaye angejua yaliyowapata.