Eglantyne Jebb: Aliyewatetea Watoto wa Adui



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mama mmoja Mwingereza aliyefariki zamani, lakini kazi yake imetufikia hadi huku ukimbizini. Wengi wenu mnalijua shirika la Save the Children. Tena mnasikia kila mara kwenye mikutano juu ya haki za mtoto. Aliyeanzisha shirika hilo, na aliyeandika haki hizo kwa mara ya kwanza ili mataifa yazikubali, ni Eglantyne Jebb.

Kuzaliwa na masomo

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, Uingereza, katika familia yenye mali. Alisoma historia katika chuo kikuu cha Oxford, wakati ambapo wasichana wachache sana walipata nafasi hiyo. Baadaye akawa mwalimu wa watoto wa watu wa chini katika mji wa Marlborough. Kazi hiyo ikamshinda. Afya yake ilikuwa dhaifu, na mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na kipawa cha kukaa na watoto. Hakuolewa, wala hakuzaa. Mwanadamu asingemchagua mtu wa namna hiyo kuwa mtetezi wa watoto.

Alihamia Cambridge pamoja na mama yake, akaanza kuchunguza maisha ya maskini wa mji ule: wanalala wapi, wanapata kazi gani, watoto wao wanaishia wapi. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Mwaka 1913 alisafiri mpaka Makedonia kupeleka msaada, maana vita vya Balkani vilikuwa vimewafukuza watu wengi makwao. Huko aliona wakimbizi kwa macho yake.

Njaa baada ya vita

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama tarehe 11 Novemba 1918, lakini njaa haikusimama. Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia meli za chakula zisifike kwa walioshindwa, ili wakubali masharti ya amani. Huko Ujerumani na Austria chakula kiliadimika, bei zikapanda, pesa ikapoteza thamani. Katika mji wa Vienna watoto wengi walipinda mifupa kwa kukosa lishe.

Tukumbuke hali ya Uingereza yenyewe. Nyumba nyingi zilikuwa na msiba wa kijana aliyeuawa vitani. Kumwomba mama aliyefiwa achangie maziwa ya mtoto wa Kijerumani lilikuwa jambo zito, na aliyelisema aliitwa msaliti. Eglantyne na mdogo wake, Dorothy Buxton, walilisema hadharani.

Mwaka 1919 Eglantyne aligawa vikaratasi katika uwanja wa Trafalgar, London, vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika kwa njaa. Alikamatwa, kwa kuwa vikaratasi hivyo havikupitishwa na wakaguzi wa serikali. Mwezi Mei alisimama mahakamani akajitetea mwenyewe. Alionekana ana hatia, akatozwa faini ya pauni 5. Ndipo mwendesha mashtaka, Sir Archibald Bodkin, akatoa pauni 5 zake mwenyewe akampa. Fedha hiyo iliingizwa katika mfuko wa watoto kama mchango wa kwanza. Mtu aliyemshtaki ndiye aliyeanza kuchangia!

Tarehe 19 Mei 1919 mfuko huo ulitangazwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Wachimba migodi, ambao hawakuwa matajiri, walikuwa kati ya waliochanga. Ingawa Eglantyne alikuwa Mwanglikana, alimwendea Papa Benedikto XV, naye Papa akaagiza sadaka ikusanywe katika makanisa ya Katoliki duniani. Mwaka 1921 njaa kubwa ilipoipiga Urusi, mfuko ulilisha watoto wapatao 300,000 katika jimbo la Saratov. Magazeti mengine yalimshambulia: kwa nini kulisha Warusi, na hapa kwetu watu hawana kazi? Hakuacha. Mfuko ulisaidia Warusi, na ulisaidia pia watoto maskini wa Uingereza.

Haki, si huruma tu

Hata hivyo aliona kwamba huruma huchoka. Leo mfadhili anatoa, kesho anasahau, na mtoto yuko pale pale na njaa yake. Kwa hiyo mwaka 1923, huko Geneva, aliandika tamko fupi lenye mambo matano. Mtoto apewe yanayohitajika ili akue kimwili na kiroho. Mwenye njaa alishwe, mgonjwa atunzwe, aliyepotoka arudishwe, yatima apewe makao. Wakati wa dhiki, mtoto awe wa kwanza kupata msaada. Aandaliwe kujipatia riziki, wala asinyonywe. Tena alelewe akijua kwamba vipawa vyake ni vya kuwatumikia wengine.

Tarehe 26 Septemba 1924 Shirikisho la Mataifa lililipokea tamko hilo. Eglantyne alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52, lakini mbegu yake iliota. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu cha 22 kinamlinda mtoto mkimbizi. Mwaka 1990 nchi za Afrika zilipitisha mkataba wao, na humo kifungu cha 23 ndicho cha mtoto mkimbizi.

Sisi tunajifunza nini?

Wapendwa, jambo la tatu katika yale matano linatuhusu sana. Mgao ukipunguzwa, nani anakula kwanza nyumbani? Karo au daftari likikosekana, nani anaachishwa shule? Mara nyingi ni mtoto, hasa binti. Mwingine anatumwa vibarua shambani, mwingine anaozwa mapema ili mahari ilishe nyumba. Tunajua dhiki ya wazazi ni ya kweli. Lakini shamba likikosa mvua hatuli mbegu, kwa maana msimu ujao tutapanda nini?

Jambo lingine ni gumu zaidi. Kambini tunaishi na watu ambao ndugu zao walichoma nyumba zetu, nao wanasema vivyo hivyo juu yetu. Watoto wao wanacheka na wetu bombani. Mtoto hakushika silaha, wala hakuchagua kabila lake. Akina mama wa kanisa wanapopika uji wa yatima, wasiulize kabila lake. Mashemasi wa kila kijiji waandike majina ya watoto walioacha shule, wa kwetu na wa jirani, wayalete kwa wazee tujue la kufanya. Eglantyne naye alianza kwa kuchunguza na kuandika.

Mungu awabariki na awalinde watoto wetu wote.