Maisha ya Corradino D'Ascanio, Aliyebuni Vespa

Katika sehemu hii ya Kiswahili tumekwisha kusoma habari za wafalme, maaskofu na majemadari. Leo naomba ruhusa niwaletee habari za fundi. Jina lake Corradino D'Ascanio, Mtaliano. Kwao alikuwa mtu mashuhuri sana. Hapa Uganda wengi hawajapata kulisikia jina lake, walakini kazi yake mmekwisha kuiona kwa macho, nanyi mliomaliza shule zamani pengine mmeipanda. Ndiye aliyebuni pikipiki ile fupi, yenye mashavu mapana nyuma na magurudumu madogo, iitwayo Vespa.

Nyumbani kwetu tunayo Vespa 150 ya miaka ya 1960, aliyoinunua babu alipokuwa mwalimu. Sasa ni mali ya mjomba, na kazi ya kuitunza wakati wa likizo imeniangukia mimi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumtafuta mtu aliyeibuni. Sababu ya pili ni mabishano yaliyomo katika darasa letu la sita, hasa sasa tunapofikiri habari za kuomba nafasi katika chuo kikuu. Twabishana hivi: mtu akiikosa kazi aliyoitamani tangu utoto, akapewa nyingine, je, amepata hasara ya maisha? Mimi natamani uhandisi wa ndege, na nafasi zake ni chache mno. Kwa hiyo sikuyasoma maisha ya D'Ascanio kwa kupitisha wakati tu.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1891 katika mji mdogo wa Popoli, milimani katika jimbo la Abruzzo. Wakati huo ndege yenye injini haijaruka po pote duniani. Ndugu wawili Wright wa Marekani waliruka mwaka 1903, yeye akiwa na miaka 12. Naye alipofika miaka 15 alijitengenezea chombo cha kuelea hewani, kisicho na injini, akakijaribu katika vilima vya kwao. Baadaye akasoma uhandisi wa mitambo mjini Torino, akahitimu mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia nchi yake, alitumikia katika kikosi cha ndege, kisha akaunda ndege katika kampuni ya Pomilio. Mwaka 1918 alikwenda na kampuni hiyo mpaka Indianapolis, Marekani, lakini hakukaa sana. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Hapo ndipo alipoanza kazi aliyoipenda kuliko zote. Alitaka kuunda chombo kitakachopanda juu wima, bila kukimbia kwanza ardhini, yaani helikopta. Mwaka 1925 alifanya ushirika na tajiri mmoja, Baron Pietro Trojani, aliyetoa fedha. Taabu ya helikopta ni hii: mapanga ya juu yakizunguka upande huu, mwili wa chombo nao wataka kuzunguka upande ule, hata rubani agizwe kama pia ya mtoto. D'Ascanio aliweka seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zizunguke kinyume, ili nguvu ya hii iizuie nguvu ya ile. Chombo cha kwanza hakikufaa, na cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kiliitwa D'AT3. Mwezi wa Oktoba 1930, katika uwanja wa Ciampino karibu na Roma, rubani Marinello Nelli alikirusha, akakaa hewani dakika 8 na sekunde 45, akaenda mwendo wa mita 1,078, tena akapanda hata mita 18. Wanafunzi wenzangu hucheka nikiwatajia mita 18, maana ni kama mti tu. Lakini siku zile helikopta yo yote duniani haikuwa imefanya hivyo, na hesabu zote tatu ziliandikwa kuwa za kwanza ulimwenguni.

Sifa ilipatikana, fedha haikupatikana. Ushirika ule ulivunjika, na mwaka 1932 D'Ascanio akaingia kampuni ya Piaggio kama mtu wa mshahara. Huko alisifiwa kwa rafadha zake, yaani yale mapanga ya mbele ya ndege. Zilikuwa za namna ambayo pembe ya mapanga huweza kubadilishwa ndege ikiwa hewani, ya kupandia iwe nyingine na ya kwenda mbali nyingine. Tangu mwaka 1937 alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Pisa. Helikopta hakuiacha, akaendelea kuchora na kujaribu kila alipopewa nafasi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Piaggio katika mji wa Pontedera kilikuwa kikiunda ndege za vita, basi kilipigwa mabomu hata kikawa magofu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Italia ilikuwa upande ulioshindwa, ikazuiwa kuunda ndege. Fikirini hali ya mtu huyu. Alikuwa na miaka 54, na elimu yake yote ilikuwa ya ndege, nayo sasa haina kazi. Upande mwingine, mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, alikuwa na maelfu ya watu waliotaka mishahara, katika nchi yenye barabara zilizobomolewa na watu wasio na fedha ya kununua motokaa. Akaona afadhali atengeneze chombo cha bei ndogo cha kumpeleka mtu kazini. Mhandisi wake mwingine, Renzo Spolti, alikuwa ameunda pikipiki ndogo ambayo watu waliipa jina la Paperino, yaani yule bata wa katuni za Walt Disney. Enrico Piaggio hakupendezwa nayo. Akampa D'Ascanio kazi hiyo.

Sasa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. D'Ascanio hakupenda pikipiki hata kidogo. Aliziona nzito na chafu, mnyororo wake humtia mtu grisi katika suruali, na tairi ikitoboka njiani ni mateso kuitoa. Mtu mwingine angeikataa kazi. Yeye aliyachukua machukizo yake moja moja, akatafuta dawa ya kila moja, na dawa nyingi alizitoa katika ndege.

Najua hayo kwa mikono yangu, si kwa vitabu tu. Ukiifungua Vespa ya mjomba huoni fremu ya mabomba kama ya baiskeli. Mwili wenyewe wa bati la chuma lililokunjwa ndio unaobeba mzigo, kama ulivyo mwili wa ndege. Mnyororo hakuna. Injini imefichwa chini ya shavu la kulia, na gurudumu la nyuma limefungwa katika ekseli itokayo moja kwa moja katika gia. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama miguu ya ndege ya kutulia ardhini, hivi kwamba ukifungua nati zake latoka kama la motokaa. Tena la mbele na la nyuma ni sawasawa, na la akiba lafaa po pote. Rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, basi hakuna haja ya kuisumbua tairi kwa vyuma. (Lakini toa upepo kwanza! Ukilegeza nati za rimu tairi ikiwa imejaa, vipande vitaruka na kukuumiza.) Gia hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto wa usukani pamoja na klachi. Miguu hukaa mbele juu ya bati, mbali na matope, wala humpandi kama farasi. Kwa hiyo mwanamke mwenye gauni aliweza kuipanda, na padre mwenye joho lake. Babu yetu aliipanda akiwa amevaa kanzu yake akienda harusini, akafika nayo nyeupe. Sidhani D'Ascanio alipata kuwafikiria Waganda na kanzu zao, lakini aliwafaa.

Hati ya kulinda ubunifu huo iliwekwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Husimuliwa ya kwamba Enrico Piaggio alipokiona chombo, kiuno chembamba na nyuma kumenenepa, na kuisikia sauti ya injini, alikifananisha na nyigu, na kwa Kitaliano nyigu ni vespa. Ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 98, na mwendo wake kilometa 60 kwa saa. Mwaka 1946 ziliuzwa 2,484. Mwaka 1947 zikauzwa 10,535. Na mwaka 1956 ikatoka kiwandani ya milioni moja.

Nisiwadanganye kwamba ni chombo kisicho na kasoro. Injini iko upande wa kulia, na wakati wa mvua, katika matope yetu mekundu, utausikia uzito huo. Gurudumu la inchi 8 likitumbukia katika shimo la barabara, huna hakika kama litatoka upande wa pili. Kuiwasha nako kuna adabu yake. Injini ni ya mipigo miwili, kwa hiyo oili huchanganywa na petroli, na kwa Vespa yetu ni sehemu 1 kwa 50. Ukizidisha, plagi hulowa na moshi wa buluu hujaa uani hata majirani wakafunga madirisha. Ukipunguza, pistoni hukwama katika silinda, nayo ni gharama kubwa. Fundi mmoja mzee wa Katwe alinifundisha kusafisha kabureta, kusugua ncha za plagi, na kubadili waya za klachi na gia, ambazo hukatika bila kutoa taarifa. Spea nyingine hutoka India, na zisizopatikana, mafundi wa Katwe huzichonga. Mjomba amekwisha kuambiwa mara nyingi auze aongeze fedha anunue pikipiki mpya. Mpaka leo amekataa.

Nimetaja India, na hapo kuna habari inayotuhusu sana sisi wa Kampala. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa ruhusa ya Piaggio. Mkataba ulikoma mwaka 1971, nayo ikaendelea na skuta yake yenyewe, iitwayo Chetak, iliyofuata umbo lile lile. Kampuni hiyo ndiyo itengenezayo Bajaj Boxer, pikipiki ya boda boda zetu nyingi. Boxer si ya D'Ascanio, ina mnyororo na magurudumu makubwa, na mashimo inayavuka bila kuuliza. Lakini waliojifunza kazi kwa kutengeneza Vespa ndio walioileta. Zaidi ya hayo, mwaka 1948 Piaggio ilitoa chombo cha D'Ascanio cha magurudumu matatu kwa kubebea mizigo, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Tuktuk za Mombasa, na zile ambazo wenzetu wa Dar es Salaam huziita Bajaji, ni za ukoo huo.

Basi, nirudi katika mabishano yetu. Wenzangu husema maisha haya yanathibitisha ya kwamba haidhuru ukikosa ulichotamani, maana D'Ascanio alikosa ndege akapata Vespa, na Vespa ikampa jina. Mimi sikubali upesi hivyo. Alipokuwa akisifiwa kwa Vespa, Igor Sikorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, alikuwa amekwisha kurusha helikopta yake mwaka 1939, na dunia ikamhesabu yeye kuwa baba wa helikopta. D'Ascanio alijaribu tena pale Piaggio baada ya vita, kampuni ikaiacha kazi hiyo. Yasemekana mpaka uzeeni ilimuuma kwamba watu humjua kwa skuta tu, nami nayaamini hayo. Mtu aliyeshika sifa za dunia tatu kwa mwezi mmoja hawezi kuzisahau kwa sababu ameuza pikipiki nyingi. Ila naona pia kwamba uchungu wake hakuutia katika kazi. Hakuna nati moja katika Vespa yetu inayoonyesha kwamba aliyeibuni alikuwa akitamani kuwa mahali pengine.

Aliacha kufundisha Pisa mwaka 1961. Mwaka 1964, akiwa na miaka 73, umri ambao wazee wetu hukaa kivulini wakasalimiwa, aliajiriwa na kampuni ya Agusta, waundaji wa helikopta. Akachora helikopta ndogo ya kufundishia marubani, ambayo baadaye ilifikiriwa kwa kazi za mashambani. Haikupata kutengenezwa kwa wingi. Kufika mwaka 1970 Vespa zilizotoka kiwandani zilikuwa milioni 4, naye alikuwa bado na michoro ya helikopta mezani. Alifariki mjini Pisa tarehe 5 Agosti 1981, akiwa na miaka 90.