Simba wa Witu na mfereji ulioupindua mto

Wiki hii nawaandikia kutoka Bura, upande wa Garissa, ambako Mto Tana ukifura haubishi hodi. Juzi barazani niliwasikia wazee wakizungumzia tuta la kuzuia mafuriko: lipite wapi, liinuke kiasi gani. Mawazo yangu yakateremka na maji hadi Kau, Ozi na Kipini, nikamkumbuka Sultani Ahmed wa Witu, maarufu kwa jina la Simba.

Simba alikuwa Mnabahani, wa ukoo uliotawala Pate. Hakukubali kutawaliwa na Mabusaidi wa Unguja. Vita vikamtoa visiwani, akaingia Kau, kando ya Mto Ozi, kisha akajenga mji wake Witu, ndani ya msitu, katikati ya karne ya 19. Watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani walimwendea, akawapa hifadhi. Tusimpambe kupita kiasi: watu wa Witu nao walivamia mashamba ya majirani. Lakini kwa wengi ilikuwa kimbilio.

Dola hailindwi kwa mikuki peke yake, yataka chakula na ushuru. Mchele na pembe za ndovu vilishuka kwa Mto Tana, ila mlango wake wa baharini ulikuwa na mafungu ya mchanga, majahazi yakiuogopa. Ozi, jirani yake, ulikuwa na mlango mwema. Ndipo ukachimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, kazi ambayo wenyeji wengi humhesabia Simba. Ulikuwa mwembamba, wa kupita mitumbwi, na ukaipa Kau uhai.

Mwaka 1885, akitafuta ngao dhidi ya Unguja, Simba aliwauzia ardhi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, akaingia chini ya ulinzi wa Ujerumani. Alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880, Mungu amrehemu. Mrithi wake, Fumo Bakari, aligombana na kampuni ya Waingereza juu ya ushuru wa Belezoni. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu, na Oktoba mwaka huohuo mji ukachomwa moto.

Dola ikafa, mfereji ukabaki. Maji ya mafuriko yaliutafuna kingo mwaka hadi mwaka, na kufikia mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya Tana ilikuwa imeuacha mlango wake wa zamani ikimwagika Kipini. Njia ya mitumbwi ikawa mto mzima.

Mimi simlaumu Simba. Alichimba kwa haja ya siku yake. Ila sisi tumeona matokeo, hatuna udhuru. Tuta likijengwa Bura, maji yatakayozuiwa hapa yatakwenda kwa mtu mwingine. Juu kuna mabwawa ya Masinga na Kiambere, chini kuna Wapokomo na Waswahili wa Ozi, ambao mto ukinyong'onyea huingiliwa na maji ya chumvi mashambani. Kabla ya mhandisi kuchora mstari, wazee wa Bura na wa Kipini wakae mkeka mmoja. Mto ni mmoja, na anayeupinda juu huwapindia wa chini.