AJAYI WA OSOGUN: MTOTO WA VITA ALIYEKUWA MWALIMU, KISHA ASKOFU

Kamati ya jumuiya ilipotuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, wengi walitarajia tumtaje mtu wa huku kwetu kwenye Maziwa Makuu. Tumemchagua wa mbali. Sababu ya kwanza ni tarehe. Siku yetu huadhimishwa tarehe 20 Juni. Na tarehe 17 Juni 1822, mvulana aitwaye Ajayi alishushwa kutoka merikebuni huko Freetown, Sierra Leone, hana baba wala mama, hajui lugha ya waliompokea. Sababu ya pili ni kwamba alikuwa mwalimu muda mrefu kabla ya kuwa mtu mkubwa, na sisi tunaoshika chaki hatupendi jambo hilo lisahauliwe.

Alizaliwa Osogun, mji wa Wayoruba katika nchi ambayo leo ni Nigeria, yapata mwaka 1809, ingawa wengine huweka miaka miwili mitatu nyuma. Jina la Ajayi hupewa mtoto aliyezaliwa kifudifudi. Siku hizo ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na majeshi ya wateka watu yalizunguka nchini yakichoma miji. Mwanzoni mwa mwaka 1821, asubuhi, wanawake wakiwa jikoni, Osogun ilivamiwa. Baba yake Ajayi alikuja mbio nyumbani kuwaambia wakimbie, kisha akarudi penye mapigano, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mtoto kumwona. Akina mama walikimbilia vichakani na watoto wakiwashikilia, wakitupa njiani mizigo waliyokuwa wamejitwisha. Hatutaeleza zaidi. Wasomaji wetu wanajua.

Ajayi alikamatwa pamoja na mama yake, dada zake wawili na binamu yake, wakafungwa kamba shingoni. Muda si muda akatengwa na mama. Alibadilishwa kwa farasi. Baadaye farasi akarudishwa, naye Ajayi akarudishwa kama bidhaa iliyokataliwa dukani. Akauzwa tena na tena, kutoka mkono hadi mkono, kuelekea pwani. Aliposikia kwamba mwisho wa safari ni kwa Wareno na bahari, alijaribu usiku kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo haukumtosha. Mambo haya aliyaandika yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, bila kuyaficha, nasi hatuoni sababu ya kuyaficha hapa, maana wapo vijana katika kambi zetu waliopita usiku kama huo na wanadhani ni wao peke yao.

Tarehe 7 Aprili 1822 alipakiwa Lagos katika merikebu ya Kireno, Esperanza Felix, pamoja na watumwa wengine. Wote walikuwa 187. Jioni ile ile merikebu ilikamatwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Ajayi na wavulana wenzake wachache walihamishiwa manowari Myrmidon, iliyoongozwa na Kapteni Henry Leeke. Hapo palitokea jambo ambalo tungependa wafanyakazi wa mashirika walisome polepole. Wavulana wale waliona nyama imetundikwa, ngozi yake nyeupe, na pembeni mizinga na marundo ya risasi za chuma za duara. Wakaamini kwamba nyama ile ni ya wenzao waliochinjwa, na vile vyuma ni vichwa vyao. Walitetemeka hadi walipojisogeza karibu na kuona kwato: alikuwa nguruwe. Walikuwa wameokolewa tayari, lakini hawakujua, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwa lugha yao. Mtu anayeshuka kwenye lori kituoni, akapewa namba na kuambiwa asimame mstarini, anaweza kuwa katika hali hiyo hiyo kwa siku nyingi.

Freetown ya wakati huo ilizungukwa na vijiji vya watu waliotolewa kwenye merikebu za watumwa. Majina yao yaliandikwa katika daftari la serikali pamoja na alama za miilini mwao, wakapewa nguo na posho, kisha wakagawanywa vijijini: Regent, Wellington, Hastings, Waterloo. Walitoka makabila mengi na kusema lugha nyingi. Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst, penye shule ya wamisionari wa Kanglikana. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya shule aliomba nusu peni kwa watu wa kabila lake ili anunue karatasi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Katika muda wa miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza, na akawekwa kuwasaidia watoto wenzake. Alifundishwa useremala vilevile.

Imani haikuja siku ya manowari. Wengine hupenda kusimulia kana kwamba mtu akiokolewa na mauti huamini papo hapo. Kwa Ajayi ilichukua miaka. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba ilikuwa kama mwaka wa tatu tangu kufunguliwa ndipo alipoona kwamba kuna utumwa mwingine mbaya zaidi ya ule wa kamba, nao umo moyoni mwa mtu, hata mtu aliye huru. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la padri mmoja wa London, Samuel Crowther, na kwa jina hilo dunia inamfahamu. Makatekista na wachungaji wanaohesabu waongofu kila wiki tangu mgeni anapopewa turubai wangefanya vema kukumbuka miaka hiyo mitatu.

Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Baadaye alifundisha katika vijiji vile vile vya waliookolewa. Alimwoa Susan, ambaye kwao aliitwa Asano, naye pia mwalimu, naye pia aliyeokolewa kutoka utumwani. Kwa zaidi ya miaka kumi maisha yao yalikuwa ubao, chaki na watoto wa watu waliopoteza makwao.

Mwaka 1837, alipoombwa kueleza alikotoka, Crowther aliandika barua ndefu. Ndani yake aliita siku ya kutekwa kwake siku ya msiba, akaongeza kwamba amefundishwa kuiona, kwa upande mwingine, kuwa siku ya baraka. Maneno hayo hutumiwa sana na wahubiri, na sisi tunaomba yatumiwe kwa uangalifu. Aliyaandika miaka 16 baada ya Osogun, si wiki ya pili. Aliyasema juu ya maisha yake mwenyewe. Hakuyasema juu ya maisha ya baba yake. Wala hakufuta neno msiba. Aliyaacha yote mawili pamoja. Mjane wa mwaka jana hawezi kuambiwa na jirani yake kwamba msiba wake ni baraka. Akifika siku moja kulisema mwenyewe, hilo ni lake na Mungu wake.

Mwaka 1841 Waingereza walipeleka merikebu kupanda Mto Niger, na Crowther alichukuliwa pamoja na mmisionari Mjerumani Schön. Homa iliwamaliza wengi: kati ya Wazungu wapatao 145, takriban 40 walikufa. Baada ya hapo wamisionari walikubali kwamba kazi ya bara itahitaji Waafrika wenyewe. Crowther alisomeshwa Uingereza na kupewa upadri mwaka 1843. Mwaka huo pia msamiati wake wa Kiyoruba ulichapishwa. Mwezi Januari 1844, mjini Freetown, aliongoza ibada kwa Kiyoruba, na waliokuwepo walisikia Injili kwa lugha ya mama, wengine baada ya miaka 20 ya kuisikia kwa lugha ya wageni.

Sasa tunafika kwenye sehemu inayotugusa sana, yaani kurudi. Tangu mwaka 1839 baadhi ya Wayoruba wa Sierra Leone walikuwa wameanza kurudi kwao kwa hiari, kwa merikebu walizochanga fedha kununua. Wakaomba walimu na mapadri wawafuate. Crowther alifika Badagry mwezi Januari 1845, akakwama pale kwa mwaka mmoja na nusu kwa sababu njia ilikuwa na vita na Sodeke, kiongozi wa Abeokuta aliyewasubiri, alikuwa amefariki. Wakati wa kungoja alijenga, alifundisha, alifasiri.

Na alikokuwa anakwenda hakukuwa nyumbani. Osogun ilikuwa imeharibiwa. Abeokuta, alikoingia mwezi Agosti 1846, ni mji ulioanzishwa yapata mwaka 1830 na Waegba waliokimbia vita, wakajificha chini ya mwamba mkubwa uitwao Olumo. Ni mji wa wakimbizi. Tunawaambia wanafunzi wetu jambo hili kila mwaka na kila mwaka hawaliamini, kwamba watu waliokimbia wanaweza kujenga mji ambao baadaye wengine huuita kwao.

Tarehe 21 Agosti 1846 mama yake alimjia. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mwanawe yu hai, naye aliletwa na kaka yake Ajayi wa baba mmoja. Ilikuwa imepita miaka 25. Mama alikuwa mzee na alitetemeka; walishikana mikono, wakatazamana, hakuna aliyeweza kusema, machozi tu. Dada zake pia walikuwa hai. Kwa miaka hiyo yote mama alikuwa ameipitia njia ya utumwa zaidi ya mara moja. Crowther alikaa naye na kumfundisha kama alivyofundisha wengine, na tarehe 5 Februari 1848 mama alibatizwa kwa jina la Hana, jina la mama wa Samweli katika Biblia. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kubatizwa katika mji ule.

Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa, nasi tutaitaja kwa kifupi isipokuwa jambo moja. Mwaka 1857 alianzisha misheni ya Niger yenye watumishi Waafrika. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha kwanza cha kusoma Kiigbo. Mwaka 1864, tarehe 29 Juni, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa Kanglikana. Walioshuhudia walikuwamo Leeke, kapteni wa zamani, wakati huo amirali, na mjane wa Askofu Weeks, mama aliyemfundisha herufi kule Bathurst. Mwaka 1867, akiwa na miaka karibu 60, alitekwa tena, safari hii na mkuu mmoja wa kando ya mto aitwaye Abokko. Alitoka salama, lakini Mwingereza Fell aliyekwenda kumtoa alichomwa mshale akafa.

Jambo tunalotaka kulikazia ni lugha. Katika kufasiri Biblia kwa Kiyoruba hakutosheka na maneno aliyoyakumbuka kutoka utotoni. Aliwasikiliza wazee, akakusanya methali, akaandika maneno ya waganga na ya wafanya biashara, akiwemo yeyote mwenye Kiyoruba safi, hata asiye Mkristo. Biblia nzima ilikamilika miaka ya 1880 pamoja na wafasiri wengine. Vivyo hivyo kwa Waislamu: waliovamia Osogun walikuwamo Waislamu, lakini alipokaa na wenye elimu wao aliacha mabishano, akaanza na yale ambayo Kurani inayasema juu ya Mariamu na malaika Jibrili, kisha akafungua Biblia ijibu yenyewe. Katika kambi yenye msikiti na makanisa hili si jambo dogo.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Kuanzia mwaka 1889 vijana wa Kizungu waliotumwa na shirika la misheni walikagua kazi yake, wakawasimamisha mapadri wake bila kumjali yeye askofu, na mwezi Agosti 1890, katika kikao cha Onitsha, mzee yule mwenye miaka zaidi ya 80 alijiuzulu kwenye kamati aliyoiongoza. Makosa yalikuwapo kwa baadhi ya watumishi, hatukatai. Lakini namna alivyotendewa ilikuwa ya dharau. Hakuliacha kanisa. Alianza mpango wa makanisa ya mdomo wa mto kujitegemea kwa fedha zao, na mwanawe Dandeson, shemasi mkuu, akauendeleza. Samuel Ajayi Crowther alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Askofu aliyewekwa baada yake alikuwa Mzungu.

Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 baada ya kuwekwa kwake, ibada ilifanyika Canterbury, na Askofu Mkuu Justin Welby aliomba radhi kwa niaba ya kanisa lake kwa yale aliyotendewa mzee yule.

Wanafunzi wa darasa la sita wamechora ramani ya safari zake, kutoka Osogun hadi Freetown na kurudi Abeokuta. Imebandikwa kwenye ukuta wa nje wa ofisi ya kamati. Atakayetaka kuelezwa aje baada ya vipindi vya asubuhi, na aje na mtoto asiyesoma bado. Daftari la kuandikisha liko hapo hapo.