Muhammad Ali alivyochelewa kutundika glovu

FEBRUARI 1980, Dar es Salaam ilipata mgeni mzito. Alikuwa Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu mara tatu, mtu aliyejulikana hata na wasiojua raundi moja ina dakika ngapi.

Hakuja kupigana. Mwaka uliotangulia alikuwa ametangaza kustaafu. Safari hii alitumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, baada ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan.

Mambo yakaanza kwenda mrama mapema. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari nao wakambana kwa swali moja: Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Waafrika waliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya makaburu? Ali akakiri kwamba habari hiyo hakuwa ameambiwa.

Kwa watu wa Karatu, hilo halikuwa jambo la kusikia redioni tu. Kijana wao, Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, ndiye aliyeikosa Montreal kwa sababu ya mgomo ule. Tanzania haikumsikiliza Ali. Ilikwenda Moscow, Bayi akarudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kupata.

Ali naye alikuwa na hesabu zake mwaka huohuo. Miezi minane baada ya kuondoka Dar, alipanda tena ulingoni. Hapo ndipo lilipo doa la maisha yake.

BAISKELI ILIYOIBWA

Alizaliwa Januari 17, 1942, Louisville, jimbo la Kentucky, akaitwa Cassius Clay. Akiwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli. Akaenda kushtaki kwa polisi mmoja, Joe Martin, huku akiapa kumchapa mwizi. Martin, ambaye pia alikuwa akifundisha ngumi, akamshauri ajifunze kwanza kupigana.

Miaka sita baadaye, 1960, dogo akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Roma. Mwaka 1964 akamshangaza Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia, kisha akatangaza Uislamu wake na kuanza kuitwa Muhammad Ali.

Mwaka 1967 aligoma kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Akavuliwa mkanda na kufungiwa, akakaa nje miaka mitatu na nusu, tena katika umri ambao bondia anakuwa moto kweli kweli. Aliporudi Oktoba 1970 miguu haikuwa ileile. Zamani alikuwa anazikimbia ngumi. Sasa akaanza kuzipokea.

Ndo maana Kinshasa ilikuwa tamu na pia ilikuwa sumu. Oktoba 30, 1974, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Ali akiwa na miaka 32 alikutana na George Foreman, jitu lililokuwa likimaliza watu mapema. Wengi walihofia maisha yake. Yeye akaegemea kamba, akaacha Foreman apige mpaka achoke, na raundi ya nane akamlaza.

Ushindi ule ulimfundisha somo baya: kwamba anaweza kupigwa sana na bado akashinda.

KONA ILIYOSEMA BASI

Oktoba 1, 1975, alikutana na Joe Frazier kwa mara ya tatu, mjini Manila, kwenye joto kali. Walichapana raundi 14. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi cha kutoziona ngumi zinakotoka. Kabla ya raundi ya 15 kocha wake, Eddie Futch, akamkatalia kuinuka kwenye kiti. Frazier alilalamika, lakini Futch hakubadili msimamo.

Ali akapewa ushindi akiwa hoi. Baadaye alieleza kwamba usiku ule ulikuwa jambo la karibu zaidi na kifo alilowahi kulijua. Hapo palikuwa mahali pazuri pa kuishia. Hakuishia.

Septemba 1977 alimshinda Earnie Shavers kwa pointi baada ya raundi 15, ila zile ngumi alizokula ziliwatisha hata watu wake. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alipata majibu ya vipimo yaliyoonyesha figo zimeanza kuharibika. Akatuma nakala kwa Ali, kwa mkewe, kwa meneja na kwa kocha Angelo Dundee. Hakujibiwa. Pacheco akafungasha mabegi yake na kuondoka kambini.

Miezi mitano baadaye, Februari 1978, Ali akapoteza mkanda kwa Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Septemba mwaka huohuo wakarudiana New Orleans mbele ya watu zaidi ya 60,000. Ali akashinda kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu, rekodi ambayo hakuna mtu wa uzito wa juu aliyekuwa ameifikia.

Mwaka 1979 akastaafu. Mkanda upo, heshima ipo, pesa imeingia. Nani angetaka mwisho mzuri kuliko huo?

MORANI HAJIAMULII

Ukitoka Karatu ukapita lango la Loduare na kufuata ukingo wa kreta ya Ngorongoro mpaka Nainokanoka, unafika kwa watu waliolimaliza swali hilo zamani sana. Kwa Wamasai, morani haachiwi aamue mwenyewe lini ujana wake umekwisha. Rika lake linapofikia wakati, inafanyika sherehe ya eunoto, zile nywele ndefu zinanyolewa, na safari ya kuelekea uzee inaanza. Hata awe shujaa namna gani, anaondoka na rika lake, na heshima yake anaondoka nayo.

Ngumi hazina eunoto. Bondia anaachiwa mwenyewe, na wanaomzunguka mara nyingi wanakula kwa jasho lake.

Ali akashawishika. Kulikuwa na dola milioni 8 mezani, na ndoto ya kuwa bingwa kwa mara ya nne. Mpinzani alikuwa Larry Holmes, bingwa wa wakati huo, ambaye enzi zile alikuwa akimpa Ali mazoezi kambini.

Wasimamizi wa ngumi wa Nevada walitaka apimwe afya. Akaenda hospitali ya Mayo. Ripoti ikataja kwamba kuruka kwa mguu mmoja kulimsumbua kidogo, na alipotakiwa kugusa pua kwa kidole hakulenga sawasawa. Leseni ikatoka hivyo hivyo.

Halafu akaanza kujirudisha ujana. Alikata kilo nyingi kwa muda mfupi huku akimeza dawa ambazo zilimmaliza nguvu. Mvi alizipaka rangi nyeusi. Waliomwona kabla ya pambano walidhani ni yule wa Kinshasa.

Oktoba 2, 1980, Las Vegas, kengele ilipolia ikajulikana kuwa mwili ule haukuwa na kitu ndani. Ali hakuwa na ngumi wala miguu. Holmes alimpiga mpaka akaona huruma, akawa anamtazama mwamuzi kama anayemwomba amalize. Baada ya raundi ya kumi Dundee akaamua yatosha, ingawa Bundini Brown, msaidizi wa kambi, alimng'ang'ania akitaka pambano liendelee. Katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa, ndiyo mara pekee Ali aliposhindwa kabla ya raundi kuisha. Holmes, aliyeshinda, alilia.

Wakati ule Futch alikuwa amefanya kazi hiyohiyo kwa Frazier miaka mitano nyuma. Tofauti ni kwamba Frazier alizuiwa kwa raundi moja iliyobaki. Ali alipaswa kuzuiwa kwa miaka mitano.

KENGELE YA NG'OMBE

Bado hakutosheka. Desemba 11, 1981, akiwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka 40, alipanda ulingoni Nassau, Bahamas, dhidi ya Trevor Berbick. Maandalizi yalikuwa ya ovyo hivi kwamba raundi zilihesabiwa kwa kengele ya kuvishwa ng'ombe shingoni. Akapigwa kwa pointi, raundi kumi. Kesho yake akakubali kwamba umri umemshinda, na safari hii hakurudi.

Mwaka 1984 madaktari walibaini kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kuufanya ulimi uwe mzito. Ngumi zilichangia kiasi gani, wataalamu wameendelea kubishana. Lakini mdomo uliokuwa ukiwachanganya wapinzani hata kabla ya pambano ulizimika polepole.

Mwaka 1996 dunia ilimwona Atlanta, mkono ukimtetemeka, akiwasha mwenge wa Olimpiki. Watu wengi walitokwa machozi. Alifariki Juni 3, 2016, mjini Scottsdale, Arizona, akiwa na miaka 74.

Ubingwa wake hauna wa kuupunguza. Ila kitabu cha matokeo hakina huruma. Alipigana mara 61, akashinda 56, akapoteza tano. Katika hizo tano, mbili tu ndizo alizopata katika miaka yake mizuri, moja kwa Frazier mwaka 1971 na nyingine kwa Ken Norton mwaka 1973. Tatu zote zilizobaki zilitoka kwenye mapambano yake manne ya mwisho.

Angeishia New Orleans, leo ingesomeka mapambano 59 na vipigo vitatu. Huenda na sauti yake ingedumu zaidi.

Kwenye soka, mchezaji akichoka kocha anainuka benchi, kibao cha namba kinanyanyuliwa pembeni mwa uwanja, na hata staa akinuna anatoka. Ali kibao chake kilinyanyuliwa mara nyingi: na daktari, na vipimo, na ngumi za Shavers na za Spinks. Kila mara aliangalia upande mwingine, na waliokuwa na uwezo wa kumshika mkono wakamwacha aendelee kucheza.