Tingatinga: Kutoka mashamba ya mkonge hadi jina linalouza

MSOMAJI wa Kibaha au Kisarawe anaweza kujiuliza maisha ya mchoraji yanahusu nini katika kurasa hizi za biashara na kilimo. Yanahusu sana. Edward Saidi Tingatinga alianza kama vijana wengi wa vijijini, bila mtaji na bila cheti, akaacha jina ambalo hadi leo linawapatia watu riziki.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika familia ya wakulima. Shule alisoma miaka michache tu. Katika miaka ya 1950, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza, na baada ya hapo vibarua vya hapa na pale.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, alianza kuchora. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa ameona jinsi picha za wachoraji kutoka Kongo zilivyopendwa na wageni jijini, naye akaamua kujaribu. Kwa maneno mengine, alianza kwa kulitazama soko.

Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali. Yeye alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, ile ya kupigia dari, na rangi za mafuta zinazong'aa kama zile za kupaka baiskeli. Alichora chui, tembo, ndege na miti, vitu ambavyo mgeni alitaka kuvikumbuka akirudi kwao. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, karibu kabisa na makazi ya wanunuzi, na mkewe alisaidia kuuza. Gharama zilikuwa ndogo, mteja alijulikana na dalali hakuwapo.

Biashara ilipokua aliwafundisha jamaa zake, wakiwamo January Linda na Simon Mpata. Hata hivyo, mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar es Salaam wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Kazi yake ya uchoraji ilikuwa imedumu miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Mtindo huo ulienea hadi Ulaya na Japani. Lakini kwa kuwa kila mtu angeweza kuunakili, picha zilizoigwa zilijaa sokoni na bei ikashuka. Sehemu kubwa ya thamani ya jina hilo haikuwafikia walioachwa na marehemu.

Sasa chukulia kijana wa Kisarawe aliyejifunza kuchora mwenyewe, ambaye leo anataka kutengeneza marashi kwa mchaichai na asumini za bustanini. Malighafi anayo, na soko la Dar es Salaam liko jirani. Kwamba mimea hulipa zaidi ikisindikwa, Pemba wanalijua: huko Wawi, makonyo ya karafuu, ambayo wengi wangeyatupa, huchemshwa kwa mvuke yakatoa mafuta ya kuuzwa.

Kijana huyo aige mambo matatu kwa Tingatinga: atumie kilicho karibu, apeleke bidhaa alipo mnunuzi, na awafundishe wenzake. La nne ni lile ambalo Tingatinga hakupata muda wa kulifanya. Asajili jina la biashara na alama ya bidhaa kwa BRELA mapema, na chupa ikiwa na mchoro wake, aulinde kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kipaji huondoka na mwenyewe, lakini jina lililosajiliwa hubaki kwa watoto.