Ira Hayes: Askari Aliyelirejesha Jina la Mwenzake

Wapo watu ambao sura zao zimeenea ulimwengu mzima ilhali maisha yao hayafahamiki. Mmoja wao ni Ira Hamilton Hayes, askari kijana wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Makala haya yanamwangazia, si kwa sababu ya bendera aliyoshiriki kuisimamisha, bali kwa sababu ya deni alilojitwika kwa niaba ya rafiki aliyekwisha kufa.

Ira alizaliwa tarehe 12 Januari 1923 huko Sacaton, jimboni Arizona, katika jamii ya Akimel O'odham, yaani watu wa mto, ambao wageni waliwaita Wapima. Jamii hii ya wakulima iliyategemea maji ya mto Gila kwa karne nyingi, hadi walowezi walipoyachepusha katika karne ya 19 na kuwaachia ukame na njaa. Ira alikua katika ufukara huo, mtoto mkimya asiyependa makuu. Mnamo Agosti 1942, akiwa na umri wa miaka 19, alijiunga na Kikosi cha Marini, askari wanaofunzwa kushuka kutoka melini na kupigana nchi kavu. Ajabu ni kwamba taifa alilokwenda kulipigania lilikuwa lingali linawanyima watu wa jamii yake haki ya kupiga kura jimboni mwao. Haki hiyo waliipata mwaka wa 1948.

Jeshini alifunzwa kuruka kwa mwavuli, na mwaka wa 1943 akapigana katika visiwa vya Vella Lavella na Bougainville. Vikosi vya miavuli vilipovunjwa mwaka uliofuata, alihamishiwa Divisheni ya Tano. Humo alikuwa pamoja na sajini Michael Strank, mhamiaji aliyezaliwa Ulaya, Harlon Block wa Texas, na Franklin Sousley wa Kentucky. Waama, dhiki haiulizi kabila. Vijana hawa wa asili mbalimbali waligeuka ndugu.

Tarehe 19 Februari 1945 walishuka Iwo Jima, kisiwa cha volkano chenye mchanga mweusi. Siku nne baadaye, Ira na wenzake watano waliisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi, ya pili siku hiyo, na mpigapicha Joe Rosenthal akawanasa. Katika picha hiyo Block ameinama kwenye shina la mlingoti, naye Ira yuko nyuma kabisa, mikono yake ikiunyoshea mlingoti bila kuufikia. Vita viliendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja. Strank na Block waliuawa tarehe 1 Machi, Sousley tarehe 21 Machi. Kufikia mwisho, Wamarekani karibu 6,800 walikuwa wamepoteza maisha, na takriban jeshi zima la Wajapani lililokilinda kisiwa hicho liliangamia.

Picha ile iliifurahisha Marekani, na Ira akarejeshwa nyumbani kuzungushwa mijini ili wananchi wanunue hati za mkopo wa vita. Mkopo huo ulileta zaidi ya dola bilioni 26. Lakini jeshi lilikuwa limekosea. Nafasi ya Block ilikuwa imeandikwa jina la Hank Hansen, marehemu mwingine, aliyekuwa ameshiriki kusimamisha bendera ya kwanza. Ira alimweleza afisa mhusika kosa hilo, akaamriwa anyamaze kwa kuwa majina yalikwisha kutangazwa. Alishangiliwa kila alikokwenda, huku mama yake Block, aliyemtambua mwanawe pichani ingawa uso haukuonekana, akiwa haaminiwi na yeyote.

Vita vilipokwisha, Ira hakuweza kustahimili. Mnamo Mei 1946 aliondoka kijijini mwao kwa miguu na kwa kuomba lifti, akasafiri zaidi ya maili 1,000 hadi Weslaco, Texas. Alimkuta babake Block shambani, akamweleza ukweli, kisha akageuka na kurudi kwao. Familia ilifuatilia suala hilo, na mapema mwaka wa 1947 jeshi likakiri kosa. Uchunguzi wa mwaka wa 2016 na wa 2019 uliyabadilisha majina mengine mawili pichani, lakini la Block lilibaki pale Ira alipolirejesha.

Yeye mwenyewe hakupata utulivu. Majonzi ya wenzake yalimwandama, akazama katika ulevi na kukamatwa mara nyingi. Novemba 1954 alihudhuria uzinduzi wa mnara wa shaba wa picha ile huko Arlington. Majuma machache baadaye, tarehe 24 Januari 1955, alipatikana amekufa karibu na kwao kutokana na baridi na pombe. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Ndiposa twasema kwamba ujasiri wa Ira haukuishia mlimani Suribachi. Sisi tunaoandika na kufundisha tunajua jinsi jina linavyofutika kwa urahisi likishapigwa chapa vibaya. Kijana huyu maskini, aliyeamriwa anyamaze, alitembea hadi likaandikwa upya.